Kaka Kanichania Kitabu, Baba Hapokei Simu

Bi Aslaug mpendwa, kila Jumamosi nakusoma gazetini na kuwacheka wenzangu wanaokuandikia shida zao, leo zamu yangu, naomba msaada maana mume wangu amechoka kunisikiliza. Mimi ni mkusanyaji, nina kila kitabu alichowahi kutoa Halvard Myrstad, yule mpiga picha wa mabonde na ukungu, na sisi wakusanyaji kitabu hatukitoi kwenye nailoni yake ya kiwandani, nailoni ikishachanwa basi, kimekuwa kitabu kama vingine. Ninachokipenda kuliko vyote kina picha za bonde letu, alizopiga kabla bwawa la umeme halijaizamisha nyumba yetu, na hicho sijawahi kukifungua.

Jumapili baba yangu, Torleif, alikuja kunywa kahawa pamoja na kaka yangu Eivind. Macho ya baba yanazima, daktari amesema hayatarudi, na kwa muda mrefu amekuwa akiniomba nimwonyeshe shamba letu mara moja tu, nami namwambia, "Baba, subiri kwanza nipate nakala ya pili." Basi niko jikoni nageuza keki za waffle, nikasikia krrr! Kutoka mbio, namkuta Eivind na kisu cha jibini mkononi, kitabu kiko uchi mezani! Nilipiga yowe majirani wakachungulia.

"Eivind, umeniua!"

"We dada, hivi unakusanya vitabu au makopo ya sardini?"

Baba hata hakutusikia, alikuwa ameinamia ukurasa na lenzi yake ya kukuzia, pua karibu iguse karatasi, na Myrstad haweki binadamu kwenye picha zake, kila mtu anajua, lakini baba akaweka kidole pale akasema, "Huyu ni Borghild. Huyu ni mama yenu, anaanika nguo." Mama tulimzika kabla maji hayajaingia bondeni. Na Bi Aslaug, kidole kile kilikuwa na jemu! Jemu nyekundu, ikaacha doa la ukubwa wa kucha kwenye nyasi, chini upande wa kushoto, linang'aa kabisa ukiinamisha ukurasa kwenye mwanga. Nikakinyakua kitabu mikononi mwake, lenzi ikaanguka. Baba akavaa koti lake, akaondoka na Eivind, na tangu siku hiyo hapokei simu yangu. Je, si haki Eivind aniombe radhi kwanza ndipo niende? Na jemu kwenye karatasi inatolewa na nini?

Gunnvor, Sunnmøre

*

Gunnvor, barua yako niliianza nimesimama, ikabidi nikae. Jemu? Mimi unaniuliza habari za jemu?

Pole nakupa, tena ya dhati. Kitu ulichokitunza kwa mapenzi kimechanwa bila ruhusa yako, inauma, na Eivind akiniandikia nitampa lake. Lakini baba yako anapofuka, Gunnvor! Alikuomba kitu kimoja, ukamwambia asubiri, kama vile macho yake yana akiba mahali. Kisha akamwona mkewe, na wewe ukampokonya. Nimefanya kazi hii miaka mingi na bado nimeshika kichwa.

Na hujui ni wapi uliponishtua zaidi. Doa umenieleza lote: rangi, ukubwa, upande liliko, na linavyong'aa. Mama yako hukunieleza hata amevaa nini. Hukumtazama, Gunnvor! Mama mzazi yuko mezani pako, macho yako yako kwenye jemu.

Sasa nisikilize. Doa liache, ukilisugua utatoboa karatasi. Eivind naye mwache, radhi yake ije au isije. Simu usipige tena. Vaa koti uende leo hii, usingoje Jumapili, na kitabu ukichukue hivyo hivyo kilivyo, usithubutu kukifunga upya. Ukifika mlangoni usianze kujitetea. Sema, "Baba, nimekukosea," ukiweke mapajani mwake, na kikae kwake mpaka atakapochoka nacho mwenyewe. Kama bado anaona, kaa karibu yake, umwombe akuonyeshe mama yuko wapi.