Ukurasa wa Kumi na Moja

Dada yangu mpendwa Sindano,

Pokea salamu zangu, uzigawe kwa shemeji na kwa wanao, kila mmoja na fungu lake. Natumaini mgongo ulioumizwa na kuinamia cherehani umepata nafuu, na kwamba miwani mipya sasa unaivaa badala ya kuiacha mezani. Mimi ni mzima kwa kadiri ya umri wangu. Magoti yananidai heshima kila ninapopanda ngazi, nami ninayapa. Wifi yako anakusalimu sana na anauliza gauni lake limeishia wapi, kwa kuwa harusi aliyotaka kulivalia ilikwisha na mtoto amekwisha kuzaliwa.

Maelezo yako yamenifikia, kurasa nne, jinsi ulivyoahidi. Uliniomba niyapitie kabla hujayasoma siku ya Alhamisi mbele ya lile jopo la majaji na madaktari kutoka nchi mbalimbali. Nimeyapitia kwa kalamu nyekundu. Nimekutolea maneno yaliyorudiwa, nimekuwekea nukta mahali ulipokuwa unakimbia bila kupumua. Umeandika vizuri kuliko nilivyotarajia, na hilo nalisema mara moja tu usije ukavimba kichwa.

Sentensi mbili sikuzigusa. Ya kwanza inasema kwamba marehemu ndugu yetu Cheche alisomewa fomu yote, akaelewa, akaridhia kwa hiari yake, na kwamba kaka yako mkubwa, yaani mimi niliyekuwa shahidi, si mtu wa kutia sahihi jambo asiloliamini. Ya pili inawashukuru wauguzi kwa kumfungia marehemu vitu vyake vizuri, kila nguo imekunjwa. Sentensi hizo hazina kosa lolote la lugha. Tafadhali zima cherehani, uketi, usome yanayofuata mpaka mwisho.

Najua kilichokufikisha kwenye kuandika hivyo. Familia nne za wagonjwa wengine waliofia katika jaribio lile la dawa zilikuja dukani kwako kukuomba mshitaki pamoja. Mjane wa dereva, mmoja wa marehemu hao, alikwambia kwamba fomu zile zilipigwa dole gumba kama watu wanaopokea magunia ya unga. Ulimtoa dukani na futi yako ya kitambaa ingali shingoni, ukimwambia aende akatafute wajinga wenzake, kwa kuwa fomu ya ndugu yako ilishuhudiwa na Mwalimu, na Mwalimu hata barua ya mapenzi aliisahihisha akairudisha. Uliniandikia hayo kwa fahari. Mwanasheria wa wale wenye dawa naye ameipenda fahari yako. Ndiyo maana umewekwa wa kwanza kwenye orodha ya Alhamisi. Ukisema ulivyoandika, zile familia nne zitarudi nyumbani mikono mitupu. Mimi sikukujibu wakati ule, nawe ukadhani barua yangu imechelewa posta.

Sikiliza basi ilivyokuwa siku ya fomu. Chumba kilikuwa kidogo, kina meza ya bati, viti vinne na dirisha lililopakwa rangi nyeupe hadi nusu. Cheche alikuwa ameketi katikati, mikono juu ya magoti, uso ameuelekeza kwenye feni kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikipiga kelele. Unajua kwamba tangu mwali wa kuchomelea vyuma ulipomla macho, alikuwa akielekea kwenye sauti. Kwa kuwa haoni, kanuni zao zilitaka fomu isomwe kwa sauti, na shahidi asiye mtu wa hospitali asikilize na kuthibitisha kwamba mgonjwa ameelewa. Kazi yangu ilikuwa hiyo tu: kumsikiliza ndugu yangu.

Muuguzi alianza kusoma. Alisoma vibaya, mdogo wangu. Alikuwa akimeza mwisho wa kila neno. Nilivumilia kurasa mbili, kisha nikamwomba karatasi nikasoma mwenyewe. Sikuwa tena shahidi, nilikuwa darasani. Nilisoma kurasa kumi na nne kwa sauti iliyonyooka, na nakiri kwamba niliona raha.

Cheche alinikatiza mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa mzaha. Aliuliza kama hiyo dawa ya mapafu ina kurasa nyingi hivyo, yenyewe watamnywesha kwa pipa? Mara ya pili nilikuwa nimefika panaposema kwamba matokeo yatawanufaisha binadamu wote. Aliuliza hao binadamu ni akina nani, na kama yeye anahesabiwa humo au yeye ni kuni za kuwapikia. Muuguzi alicheka. Nilimwambia Cheche anyamaze, maswali ni mwishoni. Mara ya tatu tulikuwa ukurasa wa kumi na moja. Alifungua kinywa tu, nami nikagonga meza kwa kalamu. Akafunga.

Nilipomaliza nilimwuliza kama ameelewa. Alijibu kwamba kama Mwalimu ameelewa, basi inatosha kwa ukoo mzima. Tulicheka wote, hata daktari aliyekuwa mlangoni. Nikamshika mkono, nikamwongoza kidole gumba hadi kwenye wino, kisha hadi kwenye karatasi. Chini yake nikatia sahihi yangu.

Wiki iliyopita alinijia mwanasheria wa jopo, mwanamke wa makamo mwenye kikohozi na mkoba uliojaa. Wifi yako alimpa maji ya moto. Nilimwambia, kwa sauti unayoijua, kwamba ndugu yangu alijitolea kwa ajili ya ubinadamu na kwamba sitaki mtu amchafulie jambo hilo. Alisema kwamba mataifa yalipoketi kuandika sheria hizi, yalikuwa yamekwisha kuona watu wakifanyiwa majaribio kama panya, na kila aliyewafanyia alidai ni kwa faida ya binadamu. Kwa hiyo waliandika kwamba faida ya wote haiwezi kutangulia heshima ya mmoja. Alisema ubinadamu si umati unaosubiri dawa nje ya mlango. Umo pia ndani ya yule aliyeketi kwenye kiti, na akisema basi, ni basi. Nilimsikiliza nikaona aibu, maana Cheche aliuliza jambo hilohilo bila kusoma sheria, nami nilimwambia angoje mwisho.

Kisha mwanasheria akaniuliza kama marehemu aliwahi kutaka kutoka. Nilimjibu kwamba sikumbuki. Nimefundisha miaka thelathini na minne na sijawahi kusema uongo mfupi namna hiyo.

Nakumbuka. Ilikuwa siku ya tisa. Nilimpelekea shati safi, nikamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda amevaa viatu, cha kulia mguu wa kushoto. Miguu ilikuwa imevimba hata kamba hazikufika. Pembeni alikuwa na mfuko wake, amekwisha kukunja kila nguo kwa kupapasa na kuufunga kwa fundo lake lile la fundi. Wauguzi hawakumfungia vitu, Sindano. Alijifungia mwenyewe.

Aliniambia kwamba kinywa kina ladha ya chuma siku nzima na usingizini anazama. Alikuwa amewaambia wakamjibu asubiri daktari Jumatatu. Alisema amehesabu hatua, ni thelathini na moja kutoka kitandani hadi mlangoni, lakini baada ya mlango hajui. Kwa hiyo alikuwa ananingoja mimi. Aliomba nimshike mkono tu, hata mfuko angeubeba mwenyewe.

Nilimwambia kwamba alitia dole gumba mbele ya mashahidi, na kwamba mtu mzima hakimbii neno lake. Nilimwambia atanitia aibu, maana sahihi ni yangu. Ukurasa wa kumi na moja ulisema kwamba anaweza kuondoka siku yoyote, bila kueleza sababu. Niliusoma mimi, bila kukosea hata herufi. Ndipo aliponyamazishwa kwa kalamu.

Nilipiga magoti nikamvua viatu, nikavisukuma chini ya kitanda ambako asingevifikia. Alisema tu kwamba mikono yangu ni baridi. Siku ya kumi na tatu walitupigia simu.

Nimekurudishia maelezo yako, na zile sentensi mbili sasa nimezifuta. Usisome chochote Alhamisi. Nimemwandikia mwanasheria wa jopo kwamba nitakuja mwenyewe kukaa kwenye kiti cha shahidi, na nimemwandikia mjane wa dereva pia, nikimwomba radhi kwa kosa langu na kwa yale uliyomwambia kwa kuniamini.

Kama hutakuja ukumbini, nitaelewa. Kama utakuja, keti mbele. Nikianza kupamba maneno, nikatize. Usiningoje nimalize.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Viatu vya Cheche, kama bado unavyo, usimpe mtu.

Ni mimi kaka yako, niliyetia sahihi ile na hii,

Mwalimu