Mume Wangu Alimwagia Pamba Maji, Lawama Akabebeshwa Specioza

Shangazi Violeth, shikamoo. Nisikilize mpaka mwisho ndipo unigombeze, maana najua utanigombeza, na mimi mwenyewe nimejigombeza wiki mbili hizi mpaka nimechoka.

Mimi ni mkulima wa pamba huku upande wa Malampaka, nimeolewa miaka kumi na tisa, mume wangu Mahona ndiye katibu wa chama chetu cha msingi cha ushirika, kwa hiyo pamba ya kijiji kizima inapita mikononi mwake kabla ya kupakiwa lori kwenda kiwandani Bariadi. Jumapili moja nilitoka kanisani katikati ya ibada, tumbo linanisokota, nikapita njia ya ghalani, nikasikia maji yanamwagwa, nikachungulia, nikamkuta mume wangu na mtunza ghala, Bujiku, mmoja ana ndoo, mwingine ana koleo la mchanga, wanaichanganya pamba yetu, pamba niliyoichuma kwa vidole hivi mpaka vikachubuka, ili iwe nzito, uzito unaozidi wagawane wao wawili. Nikapiga kelele, "Baba Lucy, unafanya nini?" Hata hakushtuka. Akanijibu, "Nyamaza, mama. Bei wanaipanga watu wa ng'ambo ambao hawajawahi kushika jembe, wakiamua ishuke inashuka, nani anatuuliza? Leo ndoo mbili za maji ndiyo wizi?" Na mimi, Shangazi, nikanyamaza, kwa sababu hiyo bei inaniuma hata mimi.

Lori likaenda, siku ya tatu likarudishwa na mzigo wote. Mnunuzi akaja mwenyewe, amefura, akatuambia mkutanoni kwamba viwanda vya nyuzi huko Bangladeshi vilishalalamikia mchanga kwenye mzigo wa mwaka jana, mashine zao zinaharibika, safari hii hachukui hata kilo moja mpaka aliyefanya hivyo ajulikane. Watu wakaanza kutazamana. Ndipo mume wangu akasimama, mimi nimekaa pale pale, akamnyooshea kidole Specioza, mjane, jirani yangu tunayeazimana naye chumvi, akasema, "Ya huyu mama ilikuwa na unyevu tangu kupimwa, nilimvumilia kwa huruma tu." Specioza akasema huku analia, "Mahona, si uliishika mwenyewe ukasema ni kavu?" Hakuna aliyemsikiliza. Walimzomea, wakampiga marufuku kuuza pale, na pamba yake iliyobaki imejaa ndani mpaka watoto wanalala jikoni. Akaniuliza mimi, "Mama Lucy, wewe unanijua, niliwahi kukuibia nini?" Nikaangalia chini.

Sasa nina hasira, hata kumpakulia huyu mwanaume ugali siwezi. Jumamosi kuna mkutano wa kumvua Specioza uanachama. Nikisema ukweli, mume atafungwa au atanifukuza, wakwe watasema nimemuuza mtoto wao, na nina watoto wanne. Nikinyamaza, nitaishije na yule mama mlango kwa mlango? Nifanye nini?

Domitila
(Majina yote tumeyabadilisha.)

Domitila, marahaba, na pole. Sasa kaa chini.

Mimi nimezaliwa Shishiyu, nimechuma pamba nikiwa na mtoto mgongoni, kwa hiyo hasira ya bei usinifundishe. Sisi tunalima, wengine wanapanga, kisha shati la pamba hiyo hiyo linarudi mnadani kwetu likiwa mtumba. Hilo ni la kukasirikia kweli. Basi mumeo angesimama mkutanoni amuulize mnunuzi habari ya hiyo bei! Alikuwa mbele yake, mita tatu. Hakuthubutu. Kwa mnunuzi aliufyata, kwa mjane akapata ujasiri. Huko ng'ambo hakuna tajiri aliyekosa usingizi kwa mchanga wake. Aliyeumia ni Specioza.

Na wewe usijifiche nyuma ya ndoa. Ghalani ulishtuka, nakuelewa. Lakini mkutanoni ulikuwa na mdomo, na ulipoulizwa ana kwa ana ukaangalia chini. Umeniandikia mimi, nisiyemjua yule mama, wakati yeye yuko nyumba ya pili!

Fanya hivi. Mwite kaka mkubwa wa mumeo, au mchungaji wenu, na mbele yake mwambie Mahona ana mpaka Alhamisi kwenda kwa afisa ushirika wa wilaya akaseme mwenyewe, yeye na Bujiku. Anayejisalimisha hatazamwi kama anayekamatwa. Akikataa, Ijumaa asubuhi nenda wewe, maelezo yako yaandikwe, uweke sahihi, uondoke na nakala. Mkutanoni nyoosha mkono kabla ya kura, usingoje kuulizwa. Akikugusa hata kwa kidole, nenda dawati la jinsia pale polisi, usiende kwa wakwe. Wakwe wanaotaka mjane afukuzwe ili mtoto wao abaki katibu hawana la kukushauri.

Lakini kabla ya hayo yote, leo hii, nenda kwa Specioza. Mwambie ulichokiona, na kwamba ulinyamaza. Usimbebee sukari wala khanga, na usimlazimishe akusamehe hapo hapo. Akikufukuza, ondoka bila kujibu.

Jumamosi kakae naye benchi moja.