Keki ya Povu na Bakwe ba Kawale

Dzaleka, wakati wa baridi

Mama yangu,

Mbele ya yote ujue kwamba mtoto wako njo fundi mkubwa wa keki kutoka Kigoma mpaka Lilongwe, na kama kuna mwingine ajitokeze nimcheke. Nikipita ku njia, bamama banaonyesha batoto bao na kidole: "Yule njo alipika wingu." Hata mkubwa wa nchi hii hajakula kitu kama kile nilipika, maskini, iko anakula nsima, ule ugali wao, na shida za serikali.

Uliniambia nisijisifu sana, njo maana nimejisifu kidogo tu. Sasa nakusalimia. Mgongo uko je? Mnalala nyumbani, ao mnarudi tena kulala ku milima bunduki zikianza? Huku radio inasema vile inataka. Asubuhi Uvira imeshikwa, mangaribi imeachiliwa, na bazee ba hapa banabishana juu yake kama matokeo ya mpira. Mi sibasikilize. Nangojea mtu wa kutoka Kigoma aniletee habari yako kwa kinywa. Yule wa mwisho alisema umekonda lakini bado unacheka bantu. Kula, Mama. Kucheka haijazi tumbo.

Mi niko mzima. Dzaleka, hii kambi yetu, ni ile ile, gereza la zamani. Baliondoa bafungwa, bakatuweka sisi, na bafungwa balikuwa na bahati juu balijua siku ya kutoka. Hapa bantu ni kutembea, kushona, kuimba ku kanisa na kusema uongo juu ya nyumba zenye baliacha Congo. Kila mtu aliacha nyumba ya mabati na ng'ombe. Kama ni kweli, basi Fizi nzima haikuwa na mtu hata mmoja wa nyumba ya nyasi.

Bado niko kwa Mama Riziki, ule mjane wa Fizi mwenye nilikuambia, mshonaji. Njo yeye alinikuta nimelala kando ya barabara na homa siku nilifika, akaambia ba ofisi "huyu ni wa kwangu," na hakuna mtu aliuliza tena. Kushona anajua. Kupika, Mungu amsaidie. Sombe yake, yale majani ya muhogo, unaweza kuzibia paa. Lakini iko ananiita mwanangu, na batoto bake badogo banaona nimezaliwa pale.

Sasa sikia. Binti wake mkubwa, Riziki, alipata mchumba, Fideli, kijana Mrundi mwenye anauza ku duka ya mjomba wake kule Kawale, mjini Lilongwe. Fideli si mbaya. Anasema kama mtu anaomba ruhusa ya kupumua. Shida ni ule mjomba, Mzee Salvatori. Alikuja Malawi na bidoni ya njano na blanketi kama sisi bote, lakini sasa iko na duka, basi akituona anasema "bale bakimbizi." Akatuma neno: mbele ya kukubali, atakuja na bantu bake kuangalia hii nyumba. Akasema, "Nyumba ya mjane bila mwanaume, mtu akipata shida atabisha mlango wa nani?" Kama hatapenda, atamtafutia Fideli msichana mwingine mjini, na mambo iishe.

Riziki akalia siku nzima, macho ikavimba kama maandazi. Mama yake akasema tutapika wali na mbuzi, na maandazi juu yake.

Nikacheka. "Maandazi? Mzee Salvatori anayaona ku kila kona ya Kawale. Mi nitamtengenezea keki ya masista."

"Keki ya masista njo keki gani?"

"Ile mamangu alikuwa anapika kwa masista ku Uvira. Povu kavu chini, povu la chokoleti juu yake, povu kavu tena, chokoleti tena, mpaka ifike hapa."

"Nimpe mkwe povu?"

"Mpe. Atalamba sahani."

Akaniangalia sana. "Mwanangu, usinitie haya mbele ya bale bantu."

"Haya ni ya bale bapika maandazi, Mama Riziki."

Akaingia ndani, akatoka na kitenge chake kipya, kile hajavaa hata ku Pasaka. Akasema nikibadilishe na vile ninahitaji. Kitenge chenyewe kilikuwa na maua mabaya, sikukilia. Bibi mmoja wa kijiji cha karibu akakipenda, akanipa mayayi ya kuku zake zote na sukari, na mtoto wake mwenye anabeba tumbaku akanipeleka na gari mpaka Lilongwe na kuninunulia chokoleti. Iko bantu hapa banadharau Bachewa, benyeji betu. Mi nadharau bantu bote sawa sawa, lakini ule bibi hapana.

Lilongwe, Mama, usinisifie. Niliona keki ku dirisha ya duka, nyeupe, ngumu, unaweza kuweka nyuma ya mlango mwizi asiingie. Ku Kawale msichana wa dukani akanipa unga wa kakao, ule wa kunywa na maziwa.

Nikamwambia, "Zikomo, asante, dada, lakini mi nataka ile ya kukata na meno."

"Chokoleti ni chokoleti."

"Basi na ng'ombe ni kiatu."

Akatafuta nyuma ya masabuni, akaipata, imeshika vumbi, juu hakuna mtu wa mji huu mwenye anajua kazi yake. Nikapita tena kwa Mzee Salvatori, nimwone tu. Iko amekaa ku kiti mbele ya duka na tumbo lake. Akaniambia nisiegemee ukuta wake, nitauchafua. Hakujua mi ni nani. Nikamhurumia.

Kazi yenyewe unaijua, lakini ujue nimeifanya na nini. Sikuwa na ile mashine ya masista. Nilichukua waya za gurudumu la baiskeli ya kabaza mmoja, bale banabeba bantu kwa malipo, nikazisugua na majivu, nikazifunga pamoja na kamba, njo kipigio changu. Nikapiga ute wa mayayi na sukari mpaka mkono ukakufa, nikabadilisha mkono, nikapiga. Majirani bakaja kuangalia. Mmoja akasema, "Huyu iko anaosha nini?" Nikageuza bakuli juu ya kichwa chake, na povu halikuanguka, na yeye alikuwa amekwisha kukimbia mpaka ku choo. Njo bantu ba hapa bale.

Kwa kukausha, sikuweka ku sufuria na makaa juu, vile Mama Riziki alitaka. Ingekuwa mkaa tupu. Nilienda kwa Mrundi mmoja wa hapa ku kambi mwenye anachoma mikate ku tanuru la udongo. Mikate yake ni ya kujengea, lakini tanuru ni zuri. Nikangojea atoe mikate yote, moto ukufe, libakie joto la ukuta tu. Njo nikaingiza povu langu juu ya karatasi zenye nimepaka mafuta, miduara minne.

"Moto haiko," akasema.

"Najua."

"Sasa itaiva na nini?"

"Na haya yako ukiiona."

Ikakauka pole pole mpaka mangaribi, nyeupe, nyepesi, ukigonga inalia kama ganda la yayi. Mduara mmoja ukapasuka. Niliuunga na chokoleti na hakuna mtu alijua, hata wewe usingejua. Sawa, wewe ungejua.

Chokoleti niliyeyusha juu ya maji ya moto, nikatia siagi ya kopo, viini, kisha ute nikauchanganya vile ulinifundisha, pole pole, kama mtu anafunika mtoto mwenye amelala. Pale kwetu, na joto la ziwa, bila friji ya masista ingekuwa supu. Lakini huku mwezi wa sita baridi inakata masikio. Dowa, hii wilaya yetu, nzima ni friji. Niliacha bakuli nje, nimelifunika na beseni na jiwe juu yake, asubuhi chokoleti imesimama yenyewe, kijiko kinaingia na kubakia wima. Nikapanga: kavu, laini, kavu, laini, nikamalizia na vipande vya povu kavu juu yake. Riziki akakuja, akaangalia, akashika mdomo. Mama yake akaingia ndani. Alitoa shuka ya kitanda chake mwenyewe, akaitandika ku meza.

Bakwe bakafika mbele ya saa sita, bamevaa koti. Mzee Salvatori akapangusa kiti na kitambaa mbele ya kukaa. Kwa upande wetu balimweka shemasi wa kanisa aseme, juu Mama Riziki ni mwanamke na mi ni mtoto. Shemasi huyu, Mama, akishika Mungu haachilie. Aliomba kwa ajili ya Burundi, ya Congo, ya Malawi, ya mvua, ya bagonjwa kwa majina. Jua likaingia chini ya hema lenye tulisimamisha nje kwa bageni. Nikaona keki inaanza kutoka jasho. Nikasema "Amina" kwa sauti, ye hajamaliza. Bantu bote bakafuata "Amina," ye akabakia na mdomo wazi, na tukakula.

Shangazi wa Fideli akainusa. "Hii si sabuni?"

"Ni sabuni, shangazi," nikajibu, "inasafisha maneno mabaya ku kinywa."

Mzee Salvatori akaikata na kijiko kidogo, kama mtu anapima sumu. Akaweka mdomoni. Ile kavu ikavunjika, akasikia, nilimwona anasikia. Akafunga macho. Mama, ule mzee mwenye alipangusa kiti akachukua sahani ya mke wake. Kisha akaomba aongezewe tena. Akauliza ni nani alipika, bakasemezana pale, bantu bakacheka, na mbele ya jua kwenda akatamka mwenyewe kwamba hii nyumba inajua kupokea bantu, na siku ya arusi ikapangwa. Riziki anaolewa. Mi njo nimemuoza, na povu.

Basi nisalimie dada Sifa na batoto bake, umwambie asibabebeshe maji mazito, mi nilibakia mfupi juu ya bidoni zake. Nisalimie shangazi wa Mulongwe na magoti yake. Na baba mdogo mwenye alisema sitafika popote juu niliacha masomo: mwambie nimefika. Nisalimie pia katekista wetu, kama bado iko hai, aniombee lakini kwa ufupi.

Nilitaka kuishia pale. Lakini ukimwona mtu wa kutoka huku atakuambia, basi ni heri usikie kwangu.

Wakati Mzee Salvatori aliuliza ni nani alipika, Mama Riziki alisimama. Nilikuwa sijamwona anasimama vile. Akasema, "Ni huyu. Mtoto wangu mwanaume. Mliuliza mtabisha mlango wa nani mkipata shida, ni wa huyu." Na mzee akaniangalia kwa heshima, Mama, mi Elia, na bantu bote bakaniangalia. Na mi nikasema, "Hapana, Mzee. Mi siko mtoto wake. Mamangu iko Uvira, alipikia masista. Huyu ananipa tu pa kulala. Yeye hata kupasua yayi hajui."

Bakacheka sana. Nilisema kusudi bacheke, na kusudi jina lako lisikike pale, juu keki ni yako. Mama Riziki naye akacheka. Akakaa. Shemasi akasema haraka kwamba kanisa njo litasimama ku mlango wa nyumba hii, na bakakubali, hakuna kitu kiliharibika.

Hajanikasirikia. Ningependa anipige. Ila huku vile tunakula, akileta maji ya kunawa, bageni njo banaanza, kisha bakubwa, kisha batoto ba nyumba. Mi nilikuwa nanawa na batoto, tunagombania kopo. Sasa kila siku iko analeta maji kwangu mbele ya bote, anapiga goti kidogo, anamwaga. Ananiita Elia.

Jana nilificha mikono nyuma. Nikamwambia, "Mama, mi nitanawa na batoto."

Akashika kopo pale pale, akangojea. "Nawa, Elia," akasema. "Chakula kinapoa, na bale habawezi kuanza mbele yako."

Nikanawa.

Mtoto wako,
Elia