Pepo Aliyenguruma kwa Kiswahili

Akinyi mjukuu wangu,

Hapa Kosele hatujambo, na ng'ombe amezaa. Unauliza kama kweli niliwahi kupagawa. Nilijifanya tu, mzee mmoja wa Awendo alipokuja kunioa. Pepo wa kwetu husema Kiswahili, kwa hivyo nikanguruma kile nilichookota sokoni Migori: "Mzee aende! Nipeni kuku!"

Mzee alitoroka, akaacha kofia. Mama, aliyejua Kijaluo tu, hakuelewa neno, akamwita Okelo, kijana fundi wa cherehani, atafsiri.

Okelo akasema, "Pepo anataka huyu msichana aolewe na mimi."

Babu yako huyo anaapa mpaka leo kwamba alitafsiri neno kwa neno. Mimi niliitisha kuku tu. Lakini nilimwangalia vizuri, na pepo akanyamaza.

Dani, nyanya yako