Mashine Ile Haikuwa Chakavu, Baba

Baba yangu unayelala Kingerikiti,

"Mashine ile iliuzwa kwa thamani yake halali, kwa sababu vitabu vya chama vilionyesha kwamba imekwisha." Hayo aliyasema wiki iliyopita, mjini Mbinga, bwana mmoja mthamini wa mali, mbele ya wajumbe wa chama chetu cha msingi. Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali. Nilisimama nikamwambia huo ni uongo uliovaa tai.

"Mama, wewe ni nani katika suala hili?" akaniuliza.

"Mtoto wa mwendesha mashine."

Ukumbi mzima uligeuka kunitazama, Baba. Wote walikukumbuka, na kwa jina lile baya. Ndiyo maana nakuandikia gazetini, wasome na wao.

Vitabu vilisema nini? Vilisema kwamba chama kilinunua mashine ya kumenya kahawa, na kila mwaka mhasibu akakata sehemu ya bei ile, akaiita uchakavu, mpaka ikabaki sifuri. Hiyo ni habari ya fedha zilizokwisha kutumika. Haisemi lolote juu ya fedha zitakazoingia, na hizo ndizo anazonunua mnunuzi. Hakuna mfanyabiashara anayetoa hela yake kununua jana.

Wewe uliyajua haya bila darasa. Unakumbuka baba mdogo alipotaka mbadilishane shamba lake la mibuni la Tingi kwa ng'ombe wako? Tulikwenda pamoja. Hukumuuliza miche aliinunua kwa bei gani. Ulipinda matawi, ukakwaruza magome kwa ukucha, ukahesabu misimu iliyobaki katika ile mibuni, ukatoa miwili kwa ajili ya chulebuni, ule ugonjwa wa kahawa. Kisha ukasema misimu ya mbali huwezi kuihesabu sawa na ya karibu: "Ng'ombe nakupa leo, mdogo wangu. Kahawa ya mwaka wa sita sijui hata kama nitakuwepo kuichuma." Baba mdogo akacheka, "Kaka, wewe unachukua shamba au unaposa?" Chuoni walinifundisha jambo hilohilo muhula mzima. Walilipa jina refu na fomula: mapato ya miaka ijayo, yaliyopunguzwa hadi thamani ya leo.

Halafu likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia, chama kikayumba, tukaambiwa mali iuzwe. Siku ya kuthamini mashine uliipaka grisi tangu alfajiri, ukavaa shati la kanisani. Kijana wa kuthamini akafika na daftari lake.

"Shikamoo, mzee. Mashine nzuri hii. Bado inafanya kazi?"

Ulimjibu kama sisi tunavyomjibu mgeni anayesifia kitu chetu. Mama alichimba ngoro za kulimia mteremko mzima, mashimo yamepangwa kama sega la nyuki, na padri alipoyasifia alisema, "Ni vishimo tu hivi." Nawe ukasema, "Marahaba, mwanangu. Ah, inajikokota tu, kama mimi." Mkacheka wote wawili. Kisha akaandika.

Katika ripoti hakukuwa na kicheko: "Kwa maelezo ya mwendeshaji, mashine inajikokota." Vitabu vimesema sifuri, na mdomo wako umeshuhudia. Ikauzwa kwa bei ya chuma chakavu. Ikaondoka pamoja na jina la kahawa yetu, ambalo wanunuzi walikuwa wakilipia zaidi kwa sababu wewe hukuwahi kuacha punje ilale na ganda lake. Jina hilo nalo lilikuwa mali. Hakuna aliyeliandika.

Mnunuzi akapita dukani baada ya mavuno, akaringa mbele ya watu: "Msimu mmoja tu, hela yangu yote imerudi! Hii inayojikokota, mwenye duka, inanikimbiza mimi!" Watu wakacheka. Wakakugeukia wewe. Sokoni, kilabuni, hata mlangoni pa kanisa: "Shikamoo, Mzee Inajikokota." Tukawa tunamlipa yeye atumenyee kahawa yetu kwa mashine tuliyoinunua wenyewe. Uliacha kukaa benchi la mbele. Baadaye ukaacha kwenda kanisani. Baadaye ukaacha kula.

Wajumbe wanaosema uliuza mashine kwa mdomo wako hawajui jambo moja, nami nimelificha hadi leo. Kabla chama hakijatia saini, uliniletea ripoti ile. Mimi ndiye mtoto uliyemsomesha uhasibu kwa kahawa ya mashine hiyohiyo. Ukaniambia, "Nisomee, mwanangu. Kuna kitu hakikai sawa moyoni mwangu." Nilijumlisha, nikatoa, nikakagua asilimia za uchakavu. Nikakuambia, "Hesabu ziko sawa, Baba."

Zilikuwa sawa. Swali ndilo lililokuwa baya, na mimi sikuuliza lingine. Ulikunja karatasi ukanishukuru. Kwa miaka yote ile watu walipokucheka, hukuwahi kumwambia hata mmoja kwamba binti yako ndiye aliyekutoa wasiwasi. Naandika kwa ukali, watu wananiogopa, lakini pale kaburini kwako sijapata neno.

Pumzika, Baba. Lile jina ni langu sasa.

Nanyi wajumbe wa chama, Jumanne bwana yuleyule mthamini wa wiki iliyopita anakuja kuthamini ghala letu la Mbaha, pale ziwani. Vitabu vyenu vinasema limechakaa. Lakini kila msimu wenye mahindi na wenye dagaa wa usipa wanagombea kulipanga. Mwekeeni mezani kodi hiyo, mdaini aandike itakayoingia miaka ijayo na thamani yake leo. Asipoiandika, msitie saini. Na akisema, "Ghala zuri hili," asicheke mtu yeyote. Mwambieni, "Ndiyo, ni zuri," na msimame hapo mpaka aandike.

Mwanao wa kike,
niliyekusomea ile ripoti