Kidole Chako Ndani ya Bidoni

Kwako Mama, unayelala juu ya shamba lako la viazi,

Nguruwe za majirani zimekufa, na watu wanasema ni wewe umeziua. Wewe, tuliyekuzika tangu mavuno ya maharagi ya mwaka jana! Nimekasirika sana. Basi nisikilize, maana hapa juu ya kilima hakuna anayesikiliza.

Unakumbuka Papa Innocent, yule wa ng'ombe, alivyokuwa akimwaga mtoni maji yote yanayobaki akitengeneza fromaji, yaani jibini? Ukamwendea wewe, mke wa mkulima, ukamwambia: "Papa, iyo maji iko chakula. Unipatie, mi nitaletea ng'ombe zako mabua ya muhindi." Alicheka, lakini alikubali. Tangu siku hiyo tukapanda kile kilima na bidoni, dumu la plastiki, mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Nguruwe zetu zikanywa, mavi yao yakaingia katika shimo pamoja na maganda ya maharagi, shimo likalisha viazi, na mabua yakarudi kwa ng'ombe. Hakuna kilichotupwa.

Na watu wakakuita nani? Mama Bucafu, yaani mama wa uchafu! Hata kanisani wanawake walisogea kwenye benchi ukikaa. Mimi nilikuwa naona haya, Mama, nakuambia wazi leo. Wewe ulicheka tu: "Waache waseme. Viazi haisikiake midomo ya watu."

Haya kubwa ilikuwa ile ya kidole. Kabla ya kumimina, ulichovya kidole katika kila bidoni, ukalamba. Kila bidoni, hata mvua ikitupiga. Kwa sababu kwa Papa Innocent kuna maji ya namna mbili: yale ya maziwa yaliyoganda, na yale ya chumvi ambamo fromaji inalazwa baada ya kukamuliwa. Kwa kuangalia, yanafanana. "Chumvi njo kifo ya nguruwe," ulisema. "Macho inadanganyaka, ulimi hapana."

Sasa sikia. Walikuja watu wa proje, mradi wa maendeleo, na gari na kofia zinazofanana. Agronomu wao, mtaalamu wa kilimo, akatukusanya katika uwanja wa kanisa akatufundisha kwamba takataka si takataka, kwamba maji ya fromaji ni mali, kwamba kila kitu kinaweza kuzunguka na kurudi. Ee Mungu wangu! Wale wale waliosogea kwenye benchi walikuwa wanaandika katika madaftari! Jina lako halikutajwa hata mara moja.

Kisha wakaweka pipa kubwa kwa Papa Innocent. "Maji yote iingie mu pipa moja," agronomu akasema, "kila muntu akuje kuteka." Papa Innocent aliuliza kama na ile ya chumvi. "Yote, Papa, yote!" Akatugeukia: "Kuko swali?"

Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Nikaangalia viatu vyake visivyo na tope, nikawaza: nimwambie mtu wa masomo mengi kwamba mama yangu alikuwa analamba bidoni? Nikaficha kidole ndani ya kitenge. Nikateka bidoni yangu pamoja na wengine.

Nilipofika nyumbani nilionja yangu, peke yangu nyuma ya banda. Chumvi tupu. Nikaimwaga njiani. Na sikumwambia mtu, Mama. Nikajidanganya kwamba labda ni bidoni yangu tu.

Kesho yake Mama Esperansi alinipigia kelele kutoka ng'ambo ya ua. Jike lake la nguruwe, lile lenye mimba, lilikuwa linasukuma kichwa kwenye ukuta wa banda, linazunguka kama mlevi. Tulilinywesha maji, tukaomba, likaanguka. Alikaa chini kwenye matope akasema: "Dada, masomo ya batoto njo ile inalala pale." Nikamshika mkono. Mkono wenye kile kidole!

Agronomu aliporudi kuuliza nini kimeua nguruwe hizo zote, unajua alisema nini? "Njo ile njia ya zamani ya ule mama wenu mwenye alikufaka." Lo! Siku ya sifa hukuwa na jina, siku ya lawama wakakukumbuka. Namchukia kwa neno lile. Lakini hasira yangu kubwa si juu yake. Yeye hakujua. Mimi nilijua.

Na wewe pia umenikasirisha. Kwa nini ulicheka kila walipokutukana? Ungewagombeza hata siku moja, pengine ningejifunza kufungua mdomo.

Jumapili, baada ya misa, kuna mkutano kuhusu nguruwe. Nimeshafunga kamba jike langu, mtoto wa mtoto wa nguruwe yako ya kwanza. Linakwenda kwa Mama Esperansi, na nitamwambia mbele ya watu wote kwa nini. Akinitemea mate, atakuwa na haki. Kisha nitaweka bidoni mbili mbele ya agronomu, zinazofanana, nimwambie: "Papa, leta kidole." Lakini cha kwanza kuingia kitakuwa changu, na nitalamba polepole, kila mtu aone.

Pumzika, Mama. Haya yangu imekwisha.

Mimi,
Binti wa Mama Bucafu