Mboji Kavu za Mgeni

Log an Draighin,
3 Novemba 1958

Mwanangu Donncha,

Mungu na Maria wawe nawe. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Ng'ombe mzima pia, na mvua nzima kuliko sisi wote. Wewe je? Kifua chako? Zile soksi unazivaa, au zimekwisha geuka pombe?

Huku mvua ilianza Juni na mpaka leo haijapumua. Vile vipande vya udongo wa kinamasi ulivyonikatia kabla hujaondoka, hizi mboji zetu za kuwashia moto, hazikukauka. Nilizisimamisha, nikazigeuza, nikazigeuza tena, hadi Cití jirani akaniambia, "We Nábla, hizo utazigeuza mpaka parapanda ilie." Nimezileta nyumbani hivyo hivyo, mbichi. Nikizitia mekoni zinalia kama paka, na moshi wake unanitoa machozi. Apitaye dirishani akaniona namenya viazi atadhani bado namlilia marehemu baba yako.

Usihangaike. Kubana matumizi nilikujua kabla hujazaliwa. Majani ya chai nayachemsha mara tatu, na ile ya tatu tunainywa kwa imani. Magunia ya unga nimeyashona shuka, nikilala jina la mwenye kinu lililochapwa hapo linakaa juu ya tumbo langu. Paa linavuja mahali pawili. Nimetega ndoo na sufuria, na maji yake naoshea vyombo. Moto wenyewe haujazimika. Tangu bibi yako mzaa baba alipoletwa humu bi harusi, moto huu unafukiwa majivuni jioni na kuamshwa asubuhi, na hautanifia mimi.

Tena usidhani sina mboji kavu. Za mwaka juzi, ngumu kama mfupa, zimebaki mapakacha manne. Nimezipanga chumbani kwako chini ya kitanda, mbali na matone. Hizo ni zako. Ukija Krismasi utakuta moto wa kuota, si huu wangu wa kuombea. Niambie siku tu, niuwashe kabla hujafika mlangoni.

Mama yako


Kambi ya bwawa, Uskochi,
20 Novemba 1958

Mama,

Mungu na Maria na Patrisi wawe nawe. Barua yako imenikuta mzima, na soksi zipo miguuni. Tunatoboa mlima ili maji yapite yakazungushe mitambo ya umeme, na maji yenyewe hayana subira, yanatiririka ukutani kabla hatujayaita. Lakini usiku tunalala vizuri. Kambini kuna jiko la makaa ya mawe, joto mpaka wengine wanafungua madirisha.

Nakuja mkesha wa Krismasi. Ila zile mboji ziwashe sasa hivi. Mimi si askofu hata niwekewe moto wa heshima.

Mwanao, Donncha


Log an Draighin,
10 Desemba 1958

Mwanangu,

Mungu na Maria wawe nawe. Mkesha, nimesikia. Askofu nisingemwekea kitu, yule amenona, ana joto lake. Mtu aliyekonda kama wewe ndiye wa kuwekewa.

Jogoo nimemfunga ndani anenepe. Anakula kuliko mimi na hana hata haya. Mshumaa wa dirishani ninao, ule wa mwaka jana niliupuliza mapema, umebaki nusu nzima. Kitanda chako nimekitandika blanketi la sufu ulilonitumia. Usigombe, sijalitumia, nisingetaka likunukie moshi.

Hiúdaí mleta barua akikuandikia kwamba nakohoa, usimsikilize. Yule ana mdomo kama kata ya kisimani, kila mtu ananywea. Ni moshi tu.

Mama yako


Kambini,
21 Desemba 1958

Mama yangu,

Mungu na Maria na Patrisi wawe nawe. Sijui nianzeje, basi nianze na ubaya wenyewe. Siji. Msimamizi amesema atakayebaki Krismasi atalipwa mara mbili, nami nikaona paa lile linalovuja. Nikibaki sasa, kiangazi nitang'oa nyasi zote juu ya kichwa chako niweke vigae, na ndoo yako utaitafutia kazi nyingine.

Nitakuja Februari mosi, sikukuu ya Brijiti. Nisamehe. Na mboji ziwashe, mama. Ziwashe siku ya Krismasi umwite Cití, mchinje jogoo. Safari hii sikuombi, nakuamuru.

Mwanao, Donncha


Log an Draighin,
6 Januari 1959

Mwanangu,

Mungu na Maria wawe nawe. Leo ni Krismasi ya wanawake, wanaume ndio waoshe vyombo. Kwangu hakuna mwanamume ila jogoo, na yeye kagoma. Ndiyo, yu hai. Nilimhurumia.

Umeamuru, nimetii. Niliwasha moto mkubwa hata Cití akavua shali. Tulikaa tumenyoosha miguu kama wake wa wenye ardhi. Kwa hiyo moyo wako utulie.

Vigae ni jambo jema. Baba yako aliviota miaka thelathini. Nimekuandikia nyuma ya karatasi yako mwenyewe, ilikuwa na nafasi. Doa hilo ni tone la paa, si chozi, usijisifu.

Sikukuu ya Brijiti utafika saa ngapi? Basi la pwani siku hizi linachelewa.

Mama yako


Kambini,
28 Januari 1959

Mama,

Mungu na Maria na Patrisi wawe nawe. Nimefurahi sana kwa moto ule. Nimewasomea wenzangu habari ya Cití na shali lake, wakacheka.

Sasa utachoka nami. Maji yamevunja ukuta wa shimo, wawili wameumia, mimi sikuguswa. Hakuna anayeruhusiwa kuondoka mpaka tuzibe. Atakayeondoka kazi yake inachukuliwa, na vigae vinaondoka nayo. Basi iwe siku ya Patrisi mwenyewe, Machi 17, hapo hata mlima ukianguka nakuja.

Mbona unaandika kwa penseli, tena herufi zinapanda na kushuka? Nakutumia karatasi na wino. Uvitumie, usiviweke kabatini.

Mwanao, Donncha


Log an Draighin,
16 Februari 1959

Donncha mwanangu,

Mungu na Maria wawe nawe. Namshukuru Mungu hukuguswa. Nilisali rozari mbili, kisha nikakutukana kidogo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu mkono hautulii. Nimehamishia kitanda changu jikoni, chumbani kwangu maji yameingia. Wino unaganda, penseli haina matata.

Nina neno. Nilikudanganya. Mboji sikuziwasha. Nilitoa nne nikaziweka mekoni, nikazitazama, nikazirudisha chini ya kitanda chako. Moto wa mgeni mtu hawashi akauota peke yake kama mchawi. Cití anapoingia namwambia nimeshaota, na yeye naye ana mboji mbichi kama zangu, nimpe aibu ya nini? Ningemwambia ninazo angeona namnyima, na kweli ningemnyima.

Usikasirike. Mimi baridi nimeizoea. Jioni nafukia makaa majivuni, nalala na koti la baba yako juu. Kifua kinanikamata alfajiri, mchana kinaniachia.

Watu husema mgeni njoo mwenyeji apone. Basi njoo. Vigae havina haraka. Niambie siku, siku ya kweli, niuwashe.

Mama


Kambini,
26 Februari 1959

Mama,

Mungu na Maria na Patrisi wawe nawe. Nimekasirika, na sitaficha. Kwa ajili gani? Mboji zioze chini ya kitanda kisicho na mtu na wewe ukohoe kwenye moshi? Ningekuwa karibu ningekuchoma wewe na mapakacha yako.

Na mimi nina neno langu. Jiko la makaa ya mawe ni la wasimamizi. Sisi tunalala na makoti yaliyolowa, asubuhi tunayavaa yakiwa yamelowa vile vile. Sikukuambia usije ukanitumia lile blanketi. Angalia tulivyofanana, mwongo kwa mwongo.

Nimeacha kazi leo. Vigae viende zao. Nafika Jumamosi, Machi 7, kwa basi la pwani. Siku ya kweli hiyo. Lakini USININGOJE. Ukimaliza kusoma mstari huu inuka, ingia chumbani kwangu, uziwashe zote. Zote, mama. Nikifika nikakuta hata moja chini ya kitanda, nitalia mbele ya Cití, na wewe utaona haya.

Mwanao, Donncha


Log an Draighin,
9 Machi 1959

Mama yangu,

Mungu na Maria na Patrisi na Brijiti wawe nawe. Nimeongeza mmoja, mahali ulipo hawatakosa nafasi. Cití ananitazama ninavyoandika, anasema huzuni imenipanda kichwani. Namwambia barua yako ya mwisho haijajibiwa, na wewe ndiye uliyenifunza adabu.

Hiúdaí alikuletea barua yangu Alhamisi. Anasema ulimsomea kwa sauti, ukacheka mahali pa kukuchoma, ukamwambia, "Jumamosi! Sasa nina mgeni." Akakuuliza kama akusaidie kubeba mapakacha. Ukamfukuza.

Ijumaa asubuhi Cití aliona hakuna moshi. Alikukuta umekaa kwenye kigoda mbele ya meko, aproni imejaa mboji kavu. Nyingine ulikuwa umeshazisimamisha mekoni, zimeegemeana, namna ulivyonifundisha nikiwa mdogo. Hukuwa umeziwasha. Ilikuwa Ijumaa, na mimi nilisema Jumamosi. Nilikuambia usiningoje, mama. Niliandika kwa herufi kubwa.

Moto wako haukufa. Cití alifukua majivu akakuta kaa moja jekundu, akaliweka chini ya mboji hizo, zikashika papo hapo. Ziliwaka siku mbili zote ulizolala mbele ya watu. Wazee walivua makoti. Mjomba Conall alisogeza kiti nyuma mara tatu, akasema, "Nábla alikuwa na moto kama huu, na kwangu alikuja kuota?" Jogoo tulimpika. Alikuwa mgumu, watu wamekula kwa heshima yako.

Blanketi la sufu tumekufunika nalo. Lilikuwa halijanuka moshi.

Jana tumekuzika kando ya baba, na mvua ilikuwa inanyesha. Leo nafunga nyumba. Kaa la moto nimelichukua kwa koleo nikalipeleka kwa Cití, limechanganyika na la kwake, basi moto wa bibi upo, ila umehama. Nilipoinama chini ya kitanda changu nilikuta kipande kimoja cha mboji. Kimoja tu, kimejificha kwenye pembe ya ukuta. Nililia mbele ya Cití kama nilivyoahidi.

Barua hii naitia kwenye tundu la ukuta karibu na meko, ulimoweka zangu zote.

Ulikuwa ukiniuliza siku. Nilifika Jumamosi, saa nane mchana. Basi halikuchelewa. Moto ulikuwa unawaka kabla sijafika mlangoni, niliuona dirishani tangu barabarani, nikaanza kukimbia, nikadhani ni wewe. Nilipoingia watu walisimama, wakanipisha kile kiti cha mgeni, nikakaa nikaota.

Mwanao,
Donncha